Mzee Nyange na Lango la Bi Zuweina

Mzee Nyange Pandu kaanza kazi mwaka 1932. Tarehe 31 Disemba 1959 anavua sare kwa mara ya mwisho. Miaka yote hiyo kashika funguo za jela yetu hapa Pemba, hakupoteza hata moja. Viatu ndivyo kapoteza vingi, Ijumaa msikitini.

Sisi vibarua wa shamba la jela tunamjua kwa kikohozi. Akikohoa, kila jembe linashika ardhi. Lakini uji wa wafungwa anauonja yeye kwanza. Ukiwa umeungua, anaumwaga mbele ya mpishi.

Kazi yake kubwa hakuagizwa na serikali. Kila Idi, Mfalme husamehe wafungwa wachache. Mtu akifunguliwa, Mzee Nyange anavua sare, anavaa kanzu, anafuatana naye mpaka kwa aliyemkosea. Mkubwa wa jela kamwambia kazi yake inaishia langoni. Kajibu ndiyo bwana, kisha kenda.

Mwaka juzi alitoka Mabruki, aliyeiba karafuu zilizoanikwa juu ya jamvi la Bi Zuweina, njia ya Wesha. Kwao ni huko huko. Bi Zuweina asipompokea, hana shamba la kuchuma wala mlango wa kubisha. Kafika kifua mbele, kamwonyesha Bi barua ya msamaha. Bi hakuitazama.

"Mfalme kakusamehe jela yake. Karafuu zilikuwa zangu. Miye hujaniomba."

Mabruki kamgeukia Mzee Nyange.

"Usinitazame mimi," Mzee kamwambia. "Mfalme ana amri na lango langu. Hili la Bi Zuweina anafungua mwenyewe."

Wakakaa barazani mpaka adhuhuri, hapana aliyewapa hata maji. Mwisho Mabruki kaikunja barua, kainamisha kichwa, kaomba radhi. Bi Zuweina kasema:

"Msimu huu jamvi langu utalilinda wewe. Zikipungua, nakurudisha kwa huyu mzee wako."

Analilinda mpaka leo. Mwezi uliopita kaoa, na pilau kapika Bi Zuweina.

Jana Mzee Nyange kazunguka jela nzima kuomba radhi. Kaanza na wafungwa, sisi baadaye. Sote tumemuwia radhi. Mpishi peke yake kasema bado, mpaka Mzee arudi siku moja anywe uji wake akiwa mgeni, aumalize.

Mzee wetu, ahsante. Nawe utuwie radhi. Sasa langoni unatoka wewe, na huko nje hakuna mlango utakaokukataa. Mungu akupe umri, afya, na viatu vya kudumu.