Éphraïm Kambere na Baiskeli Zilizobaki Bondeni

Marehemu Éphraïm Kambere, ambaye leo tunamrudisha udongoni, alizaliwa Lubero tarehe 9 Machi 1981, mwana wa Mzee Mathe na Mama Kahongya. Tangu utotoni baba alimtuma sokoni na baiskeli ya viazi. Kushuka alishuka akiimba. Kupanda alisukuma huku analia, na sisi dada zake tulimcheka.

Alisoma shule ya msingi ya misheni palepale, sekondari Butembo, kisha mipango ya miji Kinshasa, akahitimu mwaka 2006. Huko alifanya kazi katika ofisi iliyopanga baiskeli za umma kwa miji mikubwa: mtu anachukua baiskeli kituo kimoja, anaiacha kingine. Tarehe 4 Julai 2009 alifunga ndoa na Virginie, parokiani Butembo.

Mwaka 2023 alirudi ili Butembo nayo ipate za kwake. Alituchosha na habari hizo hata mezani. Majaribio yalipoanza, asubuhi watu waliteremka nazo hadi soko kuu, jioni wakazitelekeza palepale na kurudi kwa pikipiki. Hapa tunajua kusukuma baiskeli ya ndizi mlimani, mradi iwe yetu. Mzee Mathe alimuuliza, "Kambere, baiskeli ya batu bote, nani ataisukuma?" Wakuu wa mji wakampa hadi mwisho wa Juni hii: vituo vya juu vikiendelea kukaa vitupu, kazi yake inafungwa.

Akampata Hamisi Ramazani, msafirishaji wa Beni, mwenye lori la kuzipandisha kila jioni. Tarehe 11 Juni 2025 alitoka kwenda kupatana naye. Virginie alimwambia, "Papa Ariel, usiende leo, njia iko mubaya." Akajibu, "Bila ile camion, mambo imekwisha." Watu wenye silaha walishambulia gari alilopanda. Alifariki hospitalini Beni tarehe 13, kwa majeraha. Lori la Hamisi ndilo lililomleta nyumbani. Tuna uchungu, na tuna hasira pia.

Ameacha mjane, Virginie, watoto Ariel na Jemima, wazazi wake na sisi dada zake. Tunawashukuru ninyi mliozisukuma baiskeli za bondeni hadi hapa makaburini. Tukimaliza kumzika, tafadhali msishuke nazo. Ziacheni kwenye kituo cha huku juu, mteremke kwa miguu.

Mungu ampe Éphraïm pumziko la amani.