Kaka Nukta Aliyekirudisha Kiti

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, saa kumi na moja jioni, Kaka Nukta atazima kompyuta yake na kustaafu rasmi, baada ya kututengenezea gemu kwa miaka ishirini na saba na miezi minne. Hesabu hiyo tuliifanya sisi. Yeye aliipitia, akagundua tumekosea kwa siku tatu.

Alipoajiriwa tulikuwa watu saba katika chumba kimoja juu ya duka la vioo, na gemu zetu ziliuzwa kwenye diski. Jina lake halisi tulilisahau mwezi wa pili. Tulikuwa tunatengeneza gemu ya punda mpeleka barua, na punda yule aligoma kwenda mbele. Alitembea kinyumenyume tu. Watu wanne walihangaika naye wiki nzima. Kaka akapita na kikombe chake cha chai, akainama nyuma ya bega la mwenzake, akaweka kidole kwenye skrini. Katika mistari elfu tatu ya programu ilikosekana nukta moja. Punda akaenda, na jina likabaki.

Mimi ninayeandika haya nilikuwa mjaribu gemu. Kazi yangu ilikuwa kuzicheza mpaka ziharibike, kisha kueleza zilivyoharibika. Kwa hiyo naweza kushuhudia: za Nukta zilikuwa ngumu kuharibu. Programu zake zilikuwa fupi na safi, hata mgeni aliweza kuzifuata kama anasoma barua ya shangazi yake. Kiongozi wa timu yetu alipohamia kwingine, mkurugenzi hakuumiza kichwa. Fundi bora ndiye kiongozi bora, alisema, akampa Nukta kiti hicho, na sote tukapiga makofi. Nukta mwenyewe alipiga kidogo.

Miezi minane iliyofuata ilikuwa kazi kwelikweli. Kikao cha Jumatatu kilichukua dakika nne, kwa sababu kiongozi hakuona cha kuuliza. Mchoraji wetu alipotaka ushauri kuhusu rangi ya paa la posta ndani ya gemu, alijibiwa kwamba rangi yoyote itafanya kazi. Kibaya zaidi, Nukta alikuwa akifika saa moja asubuhi na kuandika upya kazi za wenzake kabla hawajaingia. Hakuwa na dharau hata chembe. Aliona kosa, akalirekebisha, kama mtu anayeokota takataka sakafuni. Lakini mwenye kazi alifika akakuta kazi yake si yake tena. Tarehe ya kuitoa gemu tuliisogeza mara mbili.

Basi Jumanne moja akatukuta watu sita tumekaa mezani tunakunywa chai, saa nne asubuhi, kompyuta zimewashwa na hakuna anayezigusa. Akauliza kwa upole kama kuna tatizo. Mchoraji, ambaye kwa kawaida husema maneno kumi kwa siku, ndiye aliyejibu.

"Hatujagoma, kaka. Tunakusubiri umalize, ndipo tujue leo tumefanya nini."

Hakukasirika. Alichukua kikombe chake, akaenda kukiosha, ingawa kilikuwa safi. Mchana alipanda kwa mkurugenzi na kuomba aondolewe kwenye uongozi. Mkurugenzi alimbembeleza sana, kisha akauliza nani ataweza kama yeye ameshindwa. Nukta akanitaja mimi.

Nilidhani ni mzaha. Nilimfuata mezani kwake nikamwambia kwamba mimi siwezi kuandika hata mstari mmoja wa programu, na watu watanicheka. Jibu lake silisahau.

"Wewe ukiona kosa huwezi kulirekebisha mwenyewe, itabidi umuulize mwenye kazi. Mimi sikuwahi kulazimika."

Ndivyo nilivyokuwa kiongozi wa mtu aliyenizidi kila kitu, umri na akili. Asiseme mtu kwamba nilipeta tangu siku ya kwanza. Ndani ya mwezi nilimwahidi mteja gemu ya mashindano yenye wanyama ishirini kwa wiki sita. Vijana wa programu waliitikia kwa heshima, wakaogopa kuniambia kwamba haiwezekani. Nukta akavuta kiti, akachora kwenye karatasi jinsi mnyama mmoja anavyokula siku, akaniacha nihesabu mwenyewe. Nikampigia mteja kumwomba radhi, tukakubaliana wanane. Kuuliza si ujinga, lakini nilijifunza kwamba anayeuliza lazima awe na mtu wa kumjibu ukweli. Kwa miaka kumi na tisa mtu huyo alikuwa yeye, na hata siku moja hakunikosoa mbele za watu.

Nilipokwenda likizo ya kujifungua mapacha, mkurugenzi alimwomba ashike nafasi yangu kwa miezi mitatu. Alikubali kwa sharti moja: kompyuta yake ya kuandikia programu ifungiwe stoo. Wenzangu wanasimulia kwamba vikaoni aliikalia mikono yake. Alipoona kosa alisogea kwa mwenye kazi, akamuuliza alikusudia nini, akasubiri. Kusubiri huko kulimtoa jasho, wanasema, lakini alisubiri. Gemu ya fundi baiskeli ilikamilika siku mbili kabla ya tarehe, na kila rangi iliyomo aliichagua mchoraji.

Niliporudi nilimkuta ameniandalia meza. Nikamwambia kwa moyo mweupe kwamba kama anakitaka kiti, ni chake, maana sasa anakistahili kuliko mimi.

"Sasa naiweza kazi hii," alisema. "Lakini siipendi. Kaa."

Akashuka stoo kuchukua kompyuta yake, na jioni ile nilimsikia akipiga mluzi.

Anatuachia gemu thelathini na moja na waandishi wa programu kumi na mmoja aliowafundisha. Wawili kati yao ni viongozi wa timu, na wanaifanya kazi hiyo vizuri. Wengine walipoulizwa walikataa bila aibu, na hilo pia alilifundisha yeye. Nyumbani shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, anangojea mlango wa jikoni urekebishwe, na mjukuu wa miaka tisa anangojea mpinzani wa drafti asiye na kisingizio cha kazi.

Kaka, mara mbili umeniachia kiti, na mara zote mbili sikukushukuru inavyostahili. Ya kwanza nilikuwa na hofu. Ya pili, nilikuwa na watoto wawili wanaolia. Leo naweza. Asante. Mcheza kwao hutunzwa, nasi sote tunakutunza kwa mapenzi: uwe na afya, ucheke sana, na asubuhi saa moja ikukute bado umelala.