Maisha ya Dinka Restović, Dalali wa Nyumba, na Nafasi Tupu Kando ya Mumewe

Padri Jakov, ndugu, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na ninyi mliovuka na feri ya asubuhi kuja kutusaidia kumsindikiza mpendwa wetu, mimi ni Fani, dada yake Tonko, mume wa marehemu, kwa hiyo marehemu ni wifi yangu, na familia imenituma nisome historia yake kwa sababu Tonko kwa huzuni hawezi kusimama hapa mbele, na mwenye haki ya kuisoma, binti yao wa pekee Nives, hayupo. Najua mnaiona nafasi tupu pale benchi la mbele kando ya baba yake, na nimeyasikia yanayosemwa tangu jana kwenye duka la mikate, mmoja akiuliza, "Mtoto gani huyo anashindwa hata kumzika mamake?" na mwenzake akimjibu, "Siku hizi hela kwanza, mama baadaye." Basi nawaomba mnivumilie, maana sababu ya nafasi ile imo ndani ya historia hii na haielezeki kwa mkato. Nives yuko Split, ng'ambo ya maji, kwenye mtihani wa leseni ya udalali wa nyumba, na aliyemtuma huko ni huyu aliyelala hapa mbele yetu. Simu yangu ipo mfukoni, nimeizima sauti, mkiniona naigusagusa msiseme Fani hana adabu, ni roho tu haijatulia.

Marehemu Dinka alizaliwa tarehe 3 Februari 1961 katika kijiji cha Pučišća, hapa hapa kisiwani Brač, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa marehemu mzee Bartul Nižetić, mchonga mawe, na marehemu mama Perina, na wasiwasi alizaliwa nao. Alikuwa akishafika kanisani anarudi nyumbani kuangalia kama jiko limezimwa, na akishaliona limezimwa anabaki na wasiwasi kwamba misa imeanza, na ninyi mliokaa naye benchi moja mnajua kwamba tabia hiyo hakuiacha mpaka uzeeni.

Alisoma shule ya msingi Pučišća kuanzia mwaka 1968 hadi 1976, akafaulu vizuri, akajiunga na sekondari ya biashara mjini Split, lakini mwaka 1979 mama yake alipooza, na kwa kuwa kaka zake walikuwa machimboni na baba yao, ni yeye aliyeitwa nyumbani kuuguza, akaacha shule akiwa amebakiza mwaka mmoja. Mwaka 1981 aliajiriwa hotelini hapa Supetar, kwanza kutandika vitanda, kisha mapokezi, na vita vilipokuja mwaka 1991 na watalii wakatoweka, hoteli ikajaa wakimbizi, yeye ndiye aliyepanga nani alale wapi, na alikuwa akituambia kwamba hapo ndipo alipojifunza kuwa mtu anayezungumzia nyumba yake hakatizwi, hata kama foleni imefika mlangoni.

Tarehe 11 Oktoba 1986 alifunga ndoa na kaka yangu Tonko Restović, fundi bomba, katika kanisa hilihili, na tarehe 22 Agosti 1990 Mungu akawajalia binti, Nives, ambaye naye amewazalia wajukuu wawili, Lovre na Tinka, wale pale wamemshika babu yao mikono.

Mwaka 2001 Dinka aliingia katika ofisi ya mzee Roko Vrandečić, aliyekuwa akiwauzia wageni nyumba za mawe, na wakati huo dalali alikuwa mtu yeyote mwenye simu na funguo za jirani. Ikaja sheria kwamba kila ofisi lazima iwe na dalali aliyefaulu mtihani na kuandikishwa, na mzee Roko, aliyeufaulu yeye mwenyewe kwa tabu, akamwambia, "Dinka, mimi jua linazama, siku nikianguka bila mwenzangu mwenye leseni mlango huu unafungwa, kasome." Sasa kasome ni neno jepesi kwa asemaye. Bila cheti cha sekondari huruhusiwi hata kujiandikisha, kwa hiyo ule mwaka mmoja alioubakiza kwa ajili ya mama yake alikwenda kuumalizia kwenye masomo ya jioni, mwanamke wa miaka arobaini na sita katikati ya vijana waliomwita shangazi, kisha akachukua kozi yenyewe, sheria za mali, daftari la ardhi, kodi, mikataba, akisomea jikoni sufuria zikiungua, na mimi nikimtania kwamba kaka yangu alioa mke akaishia na karani.

Mtihani ukapangwa Ijumaa tarehe 12 Juni 2009. Alinunua viatu vyeusi vya kisigino kifupi, akakata tiketi ya feri mapema, asije akaikosa, na Alhamisi asubuhi baba yetu, mzee Špiro, akafariki dunia kitini akimenya maharage. Kwa ajili ya joto maziko yakawekwa kesho yake, na Dinka aliposimama mlangoni na tiketi yake mkononi, hajui pa kwenda, mama yetu alimwambia, "Mwanangu, mtihani utarudi, baba mkwe wako hafi mara mbili." Hakuna aliyempinga, maana kwetu sisi mkwe asiyeonekana mazikoni husemwa mpaka na wajukuu, ninyi wenyewe ndio mnaosema. Akavua vile viatu, akafunga aproni, akapika kahawa ya watu wote waliokuja, na honi ya feri ilipolia alikuwa amebeba sinia la vikombe, nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega, vikombe vyote vikagongana.

Septemba ya mwaka huohuo, kabla mtihani mwingine haujaitishwa, mzee Roko alipigwa na kiharusi, mwenye leseni mwingine hakuwepo, na mlango ukafungwa kama alivyosema, wakabaki bila kazi watu watatu, Dinka mmojawao, akarudi kutandika vitanda vya watalii. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba chanzo ni yale maziko, lakini yeye alijua, nasi tulijua kwamba anajua.

Alikwenda kufanya mtihani mwaka 2010, akafaulu wa kuandika, na kwenye wa mdomo mtahini akamwuliza, mteja amekuletea nyumba, unafanya nini kwanza, naye kwa woga akajibu la moyoni, "Nampikia kahawa." Meza nzima ikacheka, na jibu la kitabuni, kwamba kwanza mnatia saini mkataba wa maandishi wa udalali, likamkimbia na yote yaliyofuata yakalifuata. Ilimchukua miaka miwili kuthubutu tena. Tarehe 20 Aprili 2012 alipanda feri na vile viatu, na mtaa mzima, kuanzia mwuza samaki hadi marehemu mama yetu kitandani, tulifumba gumba ndani ya ngumi kumwombea bahati, kama tunavyomfanyia kila mwenye mtihani, na hatukufumbua mpaka alipopiga simu, akalia kwanza, akasema baadaye kwamba amefaulu. Mama alikuwa mgonjwa, hasemi mengi, lakini siku ile alinyoosha vidole vyake kimoja kimoja, akasema, "Bora. Ule wa kwanza tuliula sisi."

Mwaka 2013 alifungua ofisi yake hapa bandarini, Nives akiwa msaidizi, na huko ndiko ninyi wengi mlikomfahamu. Kwa kuwa nyumba zetu hizi hazina mwenyewe mmoja, zina binamu kumi na watatu na shangazi mmoja Chile, Dinka alikuwa hachukui funguo mpaka warithi wote wakae meza moja wanywe kahawa yake, walioko ng'ambo kwa simu, na wakianza kutukanana alikuwa akinyanyuka anawasha jiko upya. Ndugu wawili waliokuwa hawajasalimiana tangu walipogombea shamba la mizeituni walikunywa birika tatu pale ofisini, wakauza, wakatoka wakibishana nani atamsindikiza mwenzake, na leo wote wawili wamebeba jeneza lake. Kwanza mkataba, kama sheria inavyotaka, kisha kahawa, na katika miaka yote hiyo hakuna mnunuzi aliyerudi kumwambia, Mama Dinka, kuna mtu ametokea anasema nyumba ni yake.

Mwezi Machi mwaka jana alianza kuumwa tumbo, akapelekwa hospitali Split, ikaonekana ni saratani ya kongosho, akafanyiwa upasuaji mwezi Mei, akapata nafuu, na mwezi Januari mwaka huu ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Hapo wasiwasi wake wote ukahamia sehemu moja. Mwenye leseni ofisini ni yeye peke yake, akifa mlango unafungwa kama wa mzee Roko, na nyuma ya mlango huo kuna akina mama wawili walioajiriwa, na kuna Nives anayelea watoto peke yake. Nives alikuwa ameshachukua kozi, siku ya mtihani ikatangazwa, tarehe 16 Mei, ambayo ndiyo leo, na mwingine hautakuwepo mpaka vuli, wakati msimu umeshapita. Dinka alimsomesha akiwa kitandani, sauti yenyewe imekwisha, nilikuwepo.

"Mteja kaleta nyumba. Unafanya nini kwanza?"

"Mkataba wa maandishi."

"Na ukisema kahawa?"

"Nafeli, mama."

"Haya. Twende mbele."

Wiki mbili zilizopita alituita, mimi, Tonko na Nives, akasema, "Nikifa kabla, nikifa baada, nikifa siku yenyewe, Nives anapanda feri." Nives akaanza kulia, akamwuliza, "Mama, watu watasemaje?" Akamjibu, "Watasema. Fani atawajibu, mdomo anao." Nikamwambia basi maziko yasogezwe, tuzike siku moja baada ya mtihani, akanikatalia, akasema mkinisubirisha, mtoto atakaa kule akijua mama yake anamngoja, na mtu anayengojwa hukosea. Alifariki dunia juzi Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe, na neno la mwisho nililolisikia mimi ni kuuliza kama tiketi imekatwa.

Leo asubuhi Nives alibusu jeneza, akavaa nguo nyeusi na vile viatu vya mama yake vinavyombana, na baba yake akampeleka mpaka bandarini. Honi ilipolia hakuna aliyebeba sinia. Wanaita kwa herufi za majina ya ukoo, huenda ameshaingia, huenda anaulizwa sasa hivi, sijui, na kutojua huku kunanimaliza, sijui Dinka mwenyewe aliishi nako vipi miaka sitini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Split, muuguzi Lucija aliyekuja nyumbani kwenye mvua na kwenye jua, Padri Jakov, akina mama wa ofisini, warithi wote waliokunywa kahawa yake, na ninyi majirani mlioleta supu mpaka tukakosa sufuria, hata mliosema pale kwenye mikate, maana na ninyi mlileta, na baada ya hapa karibuni nyumbani, jibini na nyama ya paja vipo, kahawa nitapika mimi, msiilinganishe na yake.

Nina ombi moja kabla hatujaenda kumshusha kaburini. Wanaume mtakaoshika kamba, ninyi shikeni kamba. Wengine wote, na wewe Tonko, na Lovre na Tinka, na ninyi wa duka la mikate, fumbeni gumba ndani ya ngumi, mikono ya pole tutapeana baadaye.

Nimeandikiwa nimalizie kwa kukutakia upumzike, wifi yangu, nami nakujua, hupumziki kabla matokeo hayajatoka. Basi hukutuachia nyumba ya kugombania, umetuachia wasiwasi wako, na warithi wote tupo, tumeugawana bila ugomvi, kila mmoja ana fungu lake mkononi. Jiko nimeliangalia mwenyewe, limezimwa. Lala kwa amani, Dinka.