Vidole vya Zaituni Shingoni mwa Kulusumu

Wasikilizaji wapendwa, wekeni vyombo chini kidogo, msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Hajati Kulusumu Namono wa Mpumudde, Jinja, aliyezikwa Jumanne kwao Wanale, Mbale. Ameondoka na miaka sitini na sita. Miaka arobaini na saba kati ya hiyo aliishi na saratani ya damu iliyolala.

Iliyolala. Ndivyo alivyoambiwa na daktari wa Kampala mwaka 1977, baada ya miezi minane ya sindano. "Imelala, binti. Sijasema imekufa."

Ugonjwa ulianzia kwenye tezi za shingo. Kwa hiyo daktari alimwagiza arudi kupimwa kila miezi mitatu, na nyumbani awe anajipapasa shingo. Kulusumu hakuthubutu. Mkono wake ukifika sikioni, ulirudi. Kazi hiyo alimwachia dada yake mkubwa, Zaituni, msusi wa Wanale.

Basi kila mwezi alipanda gari kutoka Jinja hadi Mbale kwenda kusukwa. Zaituni alisuka, wakapiga porojo, na katikati ya porojo vidole vikashuka nyuma ya masikio, vikapita shingoni polepole. Kisha akasema neno moja: "Safi." Hapo ndipo Kulusumu alipoweza kunywa chai yake.

Msidhani hofu iliisha. Homa ikimpanda, mumewe Muzamiru alisema ni malaria. Majirani walisema malaria. Yeye moyoni alisema, imeamka. Kila asubuhi alipapasa shuka kama limelowa lile jasho la ugonjwa, kabla hajamsalimia mtu.

Ikaja vita ya 1979. Machi, njia ya Mbale ilikuwa na vizuizi vya askari kila baada ya mwendo mfupi. Kwenye kimoja wakamteremsha.

"Wewe nakwenda wapi?"

"Mbale, afande. Dada yangu iko kule. Nakwenda kusuka nywele."

"Jinja yote hakuna mtu ya kusuka?"

Angeelezaje? Alivua mtandio, akamwonyesha kichwa kilichofumuliwa. Askari akamwambia apande gari.

Zaituni alipoyasikia hayo, alimsuka kwa kukaza sana, ili misuko idumu. Nani alijua njia itafunguka lini? Akamzuia asirudi Jinja. Wiki tano baadaye akafumua. Vidole vikashuka nyuma ya sikio la kushoto, na hapo vikasimama. Palikuwa na uvimbe, mdogo kama punje ya hindi.

Kampala haikufikika. Dawa hazikuwepo. Mdogo wake alikuwa amekaa chini, ametulia, akisubiri lile neno.

"Safi," Zaituni akasema, akaanza kumsuka tena, akikaza vilevile.

"Nilidanganya," Zaituni mwenyewe ametuambia. "Kila nikimwona anacheka, nilisema, huyu mtu hajui, mimi najua."

Aliishi hivyo hadi Juni, njia zilipofunguka. Akasema tu, "Zamu yako ya kupimwa imepita, twende." Kampala, daktari alipapasa ule uvimbe, akapima damu, kisha akazigawa nywele, akaona vidonda kichwani.

"Nani anakusuka?"

Zaituni akanyoosha mkono.

"Unakaza mno, mama. Vidonda hivi ndivyo vimevimbisha tezi. Damu yake haina kitu."

Kumbe ni mikono ya Zaituni mwenyewe. Zaituni alicheka na kulia pale pale. Kulusumu hakucheka, maana alikuwa ameelewa kwamba dada yake alijua. Walipokaribia Jinja akamwambia Zaituni:

"Siku nyingine ukikuta kitu, niambie. Nataka tuogope wote wawili."

Tangu siku hiyo, wasikilizaji wapendwa, neno "safi" pekee halikumtosha tena. Aliuliza, "Kweli?" Na dada akajibu, "Wallahi." Miaka arobaini na mitano, kila mwezi, kweli, wallahi. Juzi moyo wake ulisimama akiwa anachagua mchele. Ni moyo, si damu.

Tunampa pole Mzee Muzamiru, watoto, wajukuu, na ukoo wote wa Wanale. Nawe unayetusikiliza, kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye ugonjwa wake umelala, usimwambie asahau. Muulize leo anaogopa nini, kisha ukae umsikilize.

Jumanne ni Zaituni aliyeongoza kumwosha. Mwanamke wetu wa Kiislamu akioshwa, nywele husukwa misuko mitatu. Alisuka kwa kulegeza. Mwoshaji hatangazi alichokiona, lakini hili, anasema, ni la heri. Vidole vilishuka vyenyewe nyuma ya masikio, vikapita shingoni.

"Nikamwambia, safi. Nikangoja aniulize. Halafu nikamjibu tu, wallahi."