Bendera Zenye Pande Mbili

Gari la kwenda Kasenyi, ufukweni mwa ziwa, lilitoka Bunia limejaa, na Élise, fundi cherehani wa mtaa wa Shari, alikuwa amepakata mfuko uliomfikia kidevuni. Michezo ya CAN, Kombe la Mataifa ya Afrika, ilikuwa inakuja Hoima, upande wa Uganda, ng'ambo ya ziwa, naye hakukusudia kuisikilizia redioni.

"Mama, unabeba nini muzito hivi?" akauliza mzee jirani yake, mchunga ng'ombe.

"Bendera, papa. Za kuuzisha kwa stade, kwa kiwanja ya mupira."

"Za Congo? Na Léopards bakitolewa siku ya kwanza?" Mzee aliongea kama mtu aliyekwisha kuizika timu hiyo mara nyingi.

Élise alikuwa akilingoja swali hilo tangu Bunia. "Ile nilifikiria, papa. Kila moja iko na pande mbili. Huku Congo. Ukigeuza, Ouganda. Hata nani ashinde, mi nauzisha."

Mzee hakucheka. "Weye iko na akili. Lakini ile ingine, ya Ouganda, siye wazee tulishaiona kule Bunia. Ile siku haikukuja na mupira, ilikuja na bunduki."

"Ile ni zamani, papa. Sasa ni kazi tu."

"Labda. Utaambia basoda ba Congo."

Gari likasimama. Kamba ya kizuizi cha askari ilikuwa imevutwa barabarani, na abiria wakaanza kushuka ili wavuke kwa miguu, kadi za uchaguzi mkononi kama vitambulisho, kama siku zote. Askari akaunyoshea mfuko kidole.

Élise akaanza kufungua fundo, polepole, akijaribu kukumbuka ni upande gani aliokunjia nje.