Salamu za Mbali

Bénie hakuzoea kuongea na watu asiowajua, lakini masikio yake hayakuwa na haya. Ndani ya basi la kwenda mtaa wa Karavia, mvua ikinyesha, alimsikiliza mama mmoja aliyerudi kutoka India, alikofanyiwa operesheni ya macho. Papa mmoja, mzee wa miwani minene, alikaa kando ya mama huyo.

"Bantu ya avenue yetu balikuwa banasema niko na kiburi," mama alisema, "kumbe nilikuwa sibaone. Nikaanza kusalimia kila kitu. Siku moja nilisalimia ile sanamu banavalishaka robe ya bamama kwa butiki. Nikaiuliza na habari ya batoto."

Papa alicheka. "Na sasa?"

"Sasa naonaka muntu toka mbali, namusalimia na jina yake. Enda kule India, papa."

"Mutoto wangu anaolewa mwezi wa nane. Nataka nimuone toka mulango ya kanisa, na hii miwani haifike kule. Lakini naogopa operesheni: macho iko mbili tu, mama. Haina pneu ya secours ya kubadilisha, sawa motokari."

"Basi utapigia makofi bibi-arusi wa bengine, unazani ni wako."

Bénie alimwonea fahari mama yule kana kwamba ni shangazi yake.

Basi likasimama. Papa akashuka bila kusema kama ataenda. Mvua ikalowesha miwani yake, akaivua, akageuka, akapungia dirisha la Bénie akidhani ni la mama. "Aksanti, mama," alisema.

Bénie, ambaye hakuwa amewahi kumsalimia mgeni, aliinua mkono juu sana, ili papa auone.