Demetria Ngonyani, Aliyefungua Njia Ndani ya Udongo

Marehemu Demetria Polikarpo Ngonyani alizaliwa tarehe 9 Agosti 1974 kijijini Mgazini, Songea, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Polikarpo. Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, sekondari Songea mjini, na mwaka 1999 akahitimu shahada ya kemia hapa Dar es Salaam. Baba alituasa sisi wanawe tusiguse cha mtu. Demetria alilishika neno hilo kuliko sisi sote.

Mwaka 2003 alifunga ndoa na Ndugu Benson Mapunda, wakahamia Mbagala, wakajaliwa watoto wawili. Maji ya kisima cha nyumba ile yalinuka vyoo vya jirani, na hayo ndiyo yaliyompa kazi ya maisha yake.

Mwaka 2006 aliajiriwa katika kiwanda cha vichujio vya maji. Huko alianza kutengeneza zeolaiti, madini yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hunasa uchafu ulioyeyuka majini. Aliutoa udongo mweupe Pugu, akaupika kwa soda kali. Vitundu vilinasa, ila vilikuwa vidogo mno. Maji hayakufika ndani. Baada ya miaka ya kujaribu na kukosea, alichanganya udongo huo na wanga wa muhogo, akaufinyanga vidonge na kuvichoma taratibu tanurini. Wanga uliungua, ukaacha matundu makubwa ya kuyafikisha maji kwenye yale madogo. Meneja wake, Ansbert, alimdhihaki: "Dada Demi, kwani tundu si tundu tu?"

Akamjibu, "Bosi, Manzese kila nyumba ina mlango. Bila Barabara ya Morogoro nani angeufikia?"

Mwaka 2021 Ansbert alisimama kwenye maonyesho akatangaza kuwa kazi hiyo ni yake. Mgeni mmoja akauliza wanga ni wa nini. "Wa kushikamanisha, kama gundi," akasema.

Demetria aliinuka kutoka viti vya nyuma: "Gundi gani, bosi? Wanga wote umeshaungua. Kilichobaki ni njia." Ukumbi mzima ulicheka. Mkataba wa Demetria haukuhuishwa.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alipolazwa mara ya mwisho, Ansbert alifika wodini na kapu la machungwa. Vidonge vya kiwanda vilikuwa vikipasuka, naye alitaka kujua moto hupandishwaje.

"Demi, nisaidie. Watu wananisema."

"Andika kwanza jina langu."

"Hilo tutaongea ukipona."

"Basi na moto tutaongea nikipona. Clara mwanangu, hayo machungwa wape kitanda cha pili."

Alifariki Jumanne, tarehe 18 Novemba 2025, alfajiri.

Juzi, nyumbani msibani, Ansbert alimvuta mgane pembeni: "Shemeji, hakukuachia maelezo yoyote?" Benson ni mtu mpole, alimwonyesha geti. Leo amerudi, hapa makaburini, na shada, akiomba kutoa salamu za kiwanda. Kikao cha familia kimekataa. Shada litabaki nje ya uzio, jina lake halitaitwa, na mkono wake hautatupa udongo katika kaburi hili. Udongo aliokwisha kuuchukua kwa Demetria unamtosha. Siri ya moto Demetria alimfundisha Clara kwa mdomo, naye Clara hamuuzii.

Najua wapo watakaonong'ona kwamba makaburini watu husameheana. Msamaha huombwa. Huyu hajauomba, ameomba kipaza sauti.

Marehemu ameacha mume, Benson, watoto, Clara na Apolinari, mama mkwe, na sisi ndugu zake watatu, nikiwemo mimi kaka yake niliyeandika na kusoma haya.

Demetria apumzike kwa amani. Aliyemnyang'anya jina lake asipumzike mpaka alirudishe.